Tandala Hakuwemo Kwenye Kibali

Adela alifukuzwa shule wiki mbili kwa kosa la kumzika mdudu.

Kwa kweli mazishi yenyewe yalifanyika kwa heshima zote. Marehemu alikuwa mdudu wa maharage, aliyekutwa amelala chali kwenye sahani ya chakula cha jioni, katika bwalo la shule moja ya bweni mjini Songea. Adela, mwanafunzi wa kidato cha tano, alipanda juu ya benchi akatangaza kwa sauti ya majonzi kwamba wamempoteza mwenzao, "aliyekula nasi sahani moja tangu muhula uanze, wala hakulalamika hata siku moja." Wasichana mia tatu wakasimama. Mkuu wa shule alikuwa anapita mlangoni. Akadhani kuna mwanafunzi amefiwa, akaingia, akainamisha kichwa, akanyamaza pamoja nao dakika nzima. Dakika ilipokwisha ndipo kiberiti kilichofanywa jeneza kilipofunguliwa na mwili wa marehemu ukaonekana.

Barua iliyomrudisha nyumbani haikuwa ndefu. Jumatatu baada ya wiki mbili arudi na mlezi wake, na mlezi huyo asimame mbele ya kamati ya nidhamu aahidi kwa kinywa chake kwamba binti huyu anaweza kutulia. Mlezi asipofika, nafasi itapewa mwingine.

Baba na mama walikuwa Mtwara kikazi, hivyo mlezi alikuwa Babu Eusebi wa Lusewa. Na Babu Eusebi alikuwa na kasoro moja kubwa ambayo hakuna dawa iliyowahi kuitibu: hakujua kusema uongo.

"Mimi siahidi nisichokiona," alisema, na akalisema hilo kila siku kwa siku kumi na mbili. "Nimekuona ukila. Nimekuona ukimvalisha mbuzi wa jirani shati la shule. Kutulia sijakuona."

"Babu, mume wangu, mbona natulia."

"Lini?"

"Nikilala."

"Ukilala unaongea, mke wangu. Juzi umeita mahudhurio ya darasa zima, na waliochelewa ukawachapa."

Babu na mjukuu wana haki ya kutaniana hivyo, na wale wawili walikuwa wanaitumia haki yao mpaka senti ya mwisho. Lakini Jumamosi asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili tu, Adela alimkuta Babu barazani anafuta bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta, na uso wake haukuwa na utani.

"Nina kibali cha pongo dume mmoja," alisema bila kuinua macho. "Leo jioni nakwenda dimbwini, wanyama wanakokunywa maji. Utakwenda nami. Ukifika mpaka mahali pangu pa kuvizia bila kumshtua mnyama, kesho tunapanda basi la Songea, na Jumatatu nitasimama mbele ya hao walimu. Ukimshtua hata mmoja, utabaki hapa tulime mahindi."

"Na ukishtua wewe?"

Babu akacheka kwa pua. Alikuwa na miaka sitini na nane, na hamsini kati ya hiyo alikuwa amekwenda kwenye dimbwi lile.

Adela hakufanya tena utani siku hiyo. Alitaka kurudi shule. Hilo hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu mtu anayezika wadudu akisema anapenda somo la kemia hakuna atakayemwamini. Lakini alikuwa analipenda. Usiku wa kwanza alioupitisha Lusewa alikuwa amelia chini ya shuka, kimya kabisa, na laiti Babu angemsikia akilia kimya namna ile, kesi ingekwisha palepale.

Saa nane mchana akaoga, akavaa, akatoka nje akiwa tayari kwa porini. Babu akamzunguka mara moja, pua mbele.

"Sabuni gani hii?"

"Ya waridi, Babu. Ya duka la Majengo, Songea."

"Pongo hajawahi kuona waridi maishani mwake. Akisikia harufu hiyo atajua kuna harusi, na hakualikwa. Rudi ukaoge maji matupu."

Akarudi. Alipotoka mara ya pili Babu akampaka majivu mikononi na shingoni, halafu akamsugua kwa majani mabichi aliyoyataja kwa Kingoni, mpaka akanuka kama jiko lililosahaulika msituni. Akamvua viatu. Akamvua saa. Akampekua mfuko akatoa pipi mbili za karatasi inayochakacha, akazila zote mbele yake bila haya.

Njiani, chini kidogo ya mashamba ya mwisho, alikuwa anawasubiri Mzee Abdulswamadu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia umefungua kampuni ya mazishi Songea."

Mzee Abdulswamadu alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, na sheria ilimtaka aandamane na mwenye kibali. Lakini hata sheria isingekuwepo angekwenda, kwa sababu ndiye aliyekuwa mchinjaji. Lusewa nyama ya porini inaliwa na wa kanisani na wa msikitini, sufuria moja, na hilo linawezekana tu kama Mwislamu amemwahi mnyama angali anapumua, akamchinja kwa jina la Mungu. Kwa hiyo kila alipokwenda Eusebi na bunduki, Abdulswamadu alikuwa nyuma yake na kisu, na walikuwa wamekwenda hivyo tangu wote wawili wakiwa na meno kamili.

Shida ilikuwa harufu. Mzee Abdulswamadu alilima tumbaku, akakausha tumbaku, na marobota ya tumbaku yaliyosubiri soko alilala nayo chumba kimoja.

"Wewe utabaki kwenye kichuguu," Babu akamwambia, kama alivyomwambia kila mwaka.

"Nitabaki. Ukipiga nitakuja mbio, inshallah. Ila Eusebi, mwaka huu upige karibu. Magoti haya siyo ya mwaka jana."

"Yalikuwa mabovu hata mwaka jana."

"Wallahi, lakini yalikuwa mabovu kwa nidhamu."

Walikifikia kichuguu saa kumi. Mzee Abdulswamadu akaketi upande wa kivuli, akaweka kisu mapajani na kibali kwenye mfuko wa shati, akamfanyia Adela ishara ya kufunga mdomo kwa kufuli na kuutupa ufunguo. Kutoka hapo mpaka mahali pa kuvizia zilikuwa hatua kama mia nne. Mtu aliyetumwa chumvi angezimaliza kwa dakika nne. Babu alisema watatumia saa moja na nusu.

Septemba msitu wa miombo unafanya jambo la ajabu. Mvua haijanyesha, ardhi imepasuka, na bado miti inachipua, tena majani mekundu, mekundu ya shaba na ya damu ya mzee, kana kwamba kuna mtu amekwenda kuiambia kwa siri kwamba maji yanakuja. Huko juu kulikuwa na sherehe. Huku chini kulikuwa na majani ya mwaka uliopita, makavu, yamejikunja, yamelala unene wa godoro, na kila moja lilikuwa linasubiri kwa hamu kukanyagwa ili likapeleke habari.

Babu akafungua kijifuko cha kitambaa kilichojaa majivu, akakitikisa. Vumbi la kijivu likatoka, likasimama kidogo hewani, likaelea kuja usoni mwao. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Upepo ulikuwa unatoka dimbwini. Kisha akasogeza mdomo mpaka sikioni kwa Adela.

"Sikiliza. Unyayo…"

Hakumaliza, maana Adela alikuwa ameshaanza.

Ipo elimu ambayo haimo kwenye mtaala wowote wa taifa, nayo ni elimu ya kupita mbele ya chumba cha matroni. Adela alikuwa ameisoma kwa bidii tangu kidato cha kwanza. Kisigino kisitangulie kamwe. Unaanza na ukingo wa nje wa unyayo, unapapasa kama kipofu anavyopapasa ukuta, ukikuta kijiti unakiacha kama kilivyo, na uzito wa mwili unafuata mwisho, polepole, kama mgeni anayeingia nyumba ya msiba. Jenereta ya shule inapounguruma, unatembea. Ikizima, wewe ni nguzo. Hapa jenereta ilikuwa upepo. Ulipopita juu na kuyatikisa majani mekundu, Adela alikwenda. Ulipotulia, alisimama, hata kama mguu mmoja ulikuwa hewani.

Babu akampita akatangulia, na aligeuka baada ya hatua thelathini akiwa amekunja uso tayari kwa kukaripia, kwa kuwa hakuwa amesikia kitu na alidhani mjukuu amebaki nyuma. Akamkuta amesimama dhiraa moja kutoka mgongoni mwake, kwa mguu mmoja, kama korongo.

Akasema kwa midomo tu: Nani kakufundisha?

Adela akamjibu kwa midomo: Shule.

Wakaenda. Babu alikuwa anapangua majani kwa vidole vya miguu kabla ya kukanyaga, na Adela akaweka nyayo zake katika nyayo zake. Hatua ilikuwa kazi, hatua ilikuwa jasho. Mlembe akawaona, ndege yule mdogo anayewaita watu kwenye asali, akaja kwenye tawi karibu yao akaanza kelele zake za kunong'oneza kwa fujo: njooni, mzinga uko huku, mbona hamji. Babu akavua kofia. Akamwambia kwa pumzi, bila sauti, kwa unyenyekevu wa mtu anayekataa mwaliko wa mkubwa, kwamba leo samahani, leo tuna shughuli nyingine, kesho kutwa. Mlembe akawatukana kidogo kisha akaondoka.

Hatari kubwa ilikuja walipokuwa wamebakiza hatua mia. Tumbo la Babu lilinguruma. Halikunguruma kidogo, lilinguruma kama bajaji inayopandisha mlima ikiwa na abiria wanne, likabadilisha gia, likamalizia kwa mlio mwembamba wa kuuliza swali. Adela akahisi kicheko kinapanda kutoka kwenye nyonga. Alikifahamu. Kilikuwa kicheko kilekile cha misa ya asubuhi, kile ambacho ukikizuia kinakua. Akaona kamati ya nidhamu. Akaona kiti chake cha maabara kimekaliwa na msichana mwingine, tena mwenye kucha ndefu. Akatia pindo la kitenge mdomoni, akalitafuna, machozi yakamtoka, mabega yakamtetemeka, na sauti haikutoka hata kidogo. Babu, ambaye ndiye mwenye tumbo, alikuwa anatazama mbele kwa heshima kubwa, kama mtu asiyehusika.

Walifika saa kumi na moja na nusu. Mahali pa kuvizia palikuwa gogo la mninga lililoanguka zamani chini ya mti wa msuku, juu kidogo ya ukingo. Chini yao, hatua hamsini hivi, ndipo kijito kilipokuwa kimebakiza dimbwi moja kwa ajili ya kiangazi chote, la maji meusi yasiyotikisika, likiwa limezungukwa na matope yaliyojaa nyayo za kila aina ya mteja. Ng'ambo palikuwa na kichaka kizito. Babu akaelekeza kidevu huko. Pongo hutoka pale.

Wakaketi nyuma ya gogo. Jua lilikuwa limeshuka mpaka limeingia chini ya majani mekundu, na msitu mzima ukawaka kutoka ndani.

Adela akajipongeza moyoni. Amefika. Alikuwa anatunga tayari maneno atakayomwambia Babu njiani kurudi, na yalikuwa maneno mazuri, yenye kuuma. Hapo ndipo Babu alipomgusa goti kwa kidole kimoja. Hakuelekeza dimbwini. Alikuwa anatazama kushoto, pembeni yao, upande wa huku.

Mwanzoni Adela aliona miti tu. Kisha mti mmoja ukatembea.

Alikuwa tandala dume. Alikuwa anashuka kuelekea majini kwa njia ambayo ingempitisha mbele ya gogo lao, na alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe yeyote wa Lusewa, wa rangi ya kijivu kama majivu yaliyokuwa shingoni mwa Adela, na ubavuni mwake mlikuwa na mistari myembamba myeupe iliyoshuka wima, kana kwamba mtu alichovya vidole kwenye chokaa akampapasa mara moja tu. Pembe zilikuwa zinapanda kutoka kichwani, zikajizungusha, zikaendelea, zikajizungusha tena, na macho ya Adela yakazifuata juu, na bado hazijaisha.

Hakuwemo kwenye kibali. Kibali kilisema pongo. Bunduki ya Babu ililala mapajani kama fimbo, wala mkono wake haukuisogelea. Hakukuwa na la kufanya ila kutulia, maana tandala angeshtuka pale, mbio zake zingemwambia kila mwenye masikio kuanzia hapo mpaka Tunduru.

Akaja. Na jambo lililomwondolea Adela pumzi halikuwa ukubwa wake. Ni kwamba hakuwa na sauti. Alikuwa anatembea juu ya majani yaleyale, godoro lilelile la majani makavu ambalo Adela alikuwa amelivuka kwa saa moja na nusu kwa jasho na elimu yake yote, na alikuwa analivuka kwa kwato, na uzito wa magunia matatu ya mahindi, na halikusema kitu. Aliinua mguu, akautua mahali bila kutazama, na majani yakamkubali. Adela aliyejiona bingwa akaona aibu, na ilikuwa aibu tamu, isiyofanana na ile ya kwenye ofisi ya mkuu wa shule.

Akafika mbele ya gogo. Fito mbili zikiunganishwa zingemgusa. Harufu yake ilikuja, ya nyasi na ya vumbi na ya kitu kama maziwa ya moto. Akasimama. Masikio makubwa, yenye wekundu ndani pale jua lilipopenya, yakageuka kila moja kivyake: moja ng'ambo, moja kwao.

Mbung'o akatua kwenye paji la uso la Adela.

Alimsikia akitembea. Alimsikia akichagua mahali. Kisha sindano ikaingia, na mbung'o hachomi kwa adabu kama mbu, anachoma kama fundi aliyechelewa kazini. Machozi yakajaa. Mkono wa Adela, mkono ambao kwa miaka kumi na saba haukuwahi kuombwa utulie ukatulia, ulibaki juu ya goti. Hata hakuwa anauzuia. Alishangaa kuona kwamba hakuwa anauzuia. Ulikuwa umebaki wenyewe, kama mikono ya watu inavyobaki palipo na jambo kubwa.

Tandala akageuza kichwa akamtazama. Jicho lilikuwa jeusi, lenye kope ndefu zilizoshika vumbi. Halikuwa na hasira wala upole. Lilimtazama kama lilivyotazama gogo, na msuku, na jioni. Likamweka katika hesabu ya vitu vilivyopo. Adela alikuwa na neno la mzaha kwa kila kitu chini ya jua, aliyakusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, na sasa alitafuta moja akakuta ghala tupu. Hakusikitika. Aliona ni afadhali hivyo.

Kisha mnyama akapiga hatua, na nyingine, akashuka mpaka majini upande wa chini, akafungua miguu ya mbele, akainama. Pembe zikalala nyuma juu ya mgongo wake. Maji yakatoa duara moja, likapanuka mpaka ng'ambo.

Na ng'ambo, kana kwamba ni duara hilo lililomwita, pongo akatoka kichakani.

Alikuwa dume, wa wekundu uliokolea, na madoa meupe nyongani. Alimwona tandala anakunywa kwa amani, akaamini. Akaja hatua tatu, akageuka ubavu. Adela akasikia Babu anavuta pumzi polepole. Bunduki ikapanda kwa mwendo wa kivuli, ikakaa begani. Shavu likalala kwenye kitako chake cha mti. Kidole kikaingia mahali pake. Hakuna mwaka ambao Babu alikosa kwa umbali ule.

Ndipo kule mbali, nyuma ya mashamba, katekista wa kigango, kanisa dogo la kijiji, alipogonga rimu.

Ilikuwa rimu ya gari lililokufa zamani, iliyofungwa kwenye mwembe wa kigango, na sauti yake jioni husafiri mbali. Ngo, ngo, ngo. Saa kumi na mbili. Pongo hakuinua kichwa, tandala hakuacha kunywa. Waliisikia kila siku tangu wazaliwe, hata wao walikuwa wa parokia ile.

Lakini Babu Eusebi akashusha bunduki.

Akaiegemeza kwenye msuku. Akavua kofia. Akasimama wima, urefu wake wote, juu ya gogo la mninga mbele ya pori zima, akapiga ishara ya msalaba pana, kutoka paji la uso mpaka kifuani, bega hadi bega, akafumba macho na midomo yake ikaanza kwenda. Sala ya Malaika wa Bwana, ya kila jioni rimu inapolia. Aliisali hivyo shambani na jembe mkononi, aliisali barabarani, aliisali mara moja juu ya paa la nyumba huku anaezeka, na watu walimpigia kelele kwamba ataanguka, na hakusikia.

Pongo akamwona. Akabweka, mbweko mmoja mkali kama wa mbwa aliyekanyagwa, na mahali alipokuwa pakabaki kichaka kinachotikisika. Tandala akainua kichwa, maji yanamdondoka kidevuni. Hakukimbia kwanza. Aliruka. Kutoka kusimama, bila kukusanya mwili, akavuka dimbwi zima, pembe zimelala mgongoni, na kwa muda ambao Adela angeweza kuhesabu mpaka tatu alikuwa juu, hewani, mistari yake myeupe ikiwaka kwa jua la mwisho, na kivuli chake kikapita juu ya maji chini yake. Kisha akatua ng'ambo, na sasa ndipo msitu ukapiga kelele. Majani, matawi, kwato, ndege aina ya kororo waliopaa kwa makelele, vyote kwa pamoja, vikaenda, vikaenda, vikaisha.

Babu akamaliza sala yake bila kuruka neno. Akafumbua macho. Akatazama dimbwi.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda, Babu."

"Wamekwenda!" Uso ukabadilika. Akamgeukia. "Umefanya nini?"

Adela akafungua mdomo. Utetezi ulikuwepo, wa wazi, wa kuchekesha kuliko utetezi wowote uliowahi kupewa binadamu. Jumatatu ilikuwa pale. Kiti cha maabara kilikuwa pale. Lakini alikuwa bado anamwona tandala hewani juu ya maji, na akaona kwamba akisema neno, lolote lile, atashuka.

"Nilijua," Babu akasema kwa uchungu wa kweli. "Umekaa vizuri mpaka mwisho, halafu mwishoni kabisa… Mama yangu, nitawaambia nini walimu? Ilibaki pumzi moja. Nilikuwa nimeshika…"

Akautazama mkono wake ili aone alikuwa ameshika nini.

Ulikuwa umeshika kofia.

Akaitazama kofia muda mrefu. Akaitazama bunduki, iliyokuwa imeegemea msuku kwa utulivu. Akatazama chini, akaona miguu yake mwenyewe imesimama juu ya gogo ambalo mvizi hukaa nyuma yake. Taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi usiku, akashuka kutoka kwenye gogo akaketi.

"Nimesimama?" akauliza.

"Umesimama, Babu."

"Wima?"

"Wima."

"Na msalaba?"

"Mpana."

Babu akafunika uso kwa ile kofia. Mabega yakaanza kutikisika, na Adela alipata hofu kwamba analia, mpaka sauti ilipotoka.

Kelele za msitu zilikuwa zimemwita Mzee Abdulswamadu. Akatokea kati ya miti akichechemea, kisu mkononi, pumzi juu juu, harufu ya tumbaku imemtangulia.

"Sijasikia mlio! Yuko wapi? Kajeruhiwa? Sikusikia mlio, nimesikia kama nyumba inaanguka." Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakatua kwa Adela. "Lo, binti. Kampuni ya mazishi tena?"

"Mwache," Babu akasema, akijifuta machozi. "Huyu hakutikisa hata unywele. Tandala amesimama hapa, hapa, Abdulswamadu, ungempigia shikamoo akaitikia. Na mbung'o alikuwa anamnywa usoni. Tazama."

Mzee Abdulswamadu akatazama uvimbe ule, mkubwa kama ganda la karanga. "Subhanallah. Sasa nani kawashtua?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Rimu imelia."

Mzee Abdulswamadu alimfahamu rafiki yake miaka hamsini, hivyo hakuhitaji maelezo zaidi. Akaketi chini kando ya gogo, akaweka kisu pembeni, akapiga makofi mara moja.

"Eusebi! Miaka yote hii nikiswali, wewe unaniambia nisichelewe, mnyama hangoji. Leo umewaombea mpaka wakaokoka!"

"Niache."

"Nikuache? Nitakuacha vipi? Watu wameandaa masufuria! Nitakwenda niwaambie kitoweo kimepata kipaimara!"

"Sema utakavyo. Kibali bado kina mwezi." Babu akasimama kwa kushika goti, akavaa kofia, akamgeukia mjukuu wake, na akajikohoza kama mtu aliyeitwa mbele ya kamati. "Adela. Nilisema siahidi nisichokiona. Basi nimeona. Kesho tutapanda basi la asubuhi, na hao walimu nitawaambia yote, la tumbo langu, la mbung'o, na la kwangu mwenyewe pia nitawaambia, hata wakicheka. Umesikia, mke wangu?"

"Nimesikia, Babu. Asante."

Wakangoja. Wazee wawili wale walisimama wakangoja, kwa sababu hapo ndipo lilipotakiwa kuja neno la mzaha, na nafasi ilikuwa pana, na halikuja. Mzee Abdulswamadu akasogea, akageuza kiganja, akamgusa Adela shingoni kwa mgongo wa mkono.

"Hana homa," akamwambia Eusebi kwa sauti ya chini.

"Muulize pembe zilikuwaje," Babu akasema.

"Zilikuwaje, binti? Ndefu?"

Adela akainua mikono ili amwonyeshe. Akaanza chini, kwenye paji lake, akaizungusha mara moja, akaizungusha tena, akasimama kwa ncha za vidole akaipandisha mpaka mwisho wa mikono yake, na ikaonekana wazi kwamba haifiki. Akaishusha. Akajaribu tena kutoka mwanzo, polepole zaidi, huku wazee wakimfuata kwa macho kwenda juu.